Gari bovu uani ni makao ya mbu

Je, kuna gari bovu uani kwako, limewekwa juu ya mawe likingoja injini ambayo haiji? Mvua ikinyesha, lichunguze. Maji hutuama ndani ya tairi zilizotupwa kando, kwenye sakafu iliyooza na hata ndani ya buti. Humo hutaga mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi iliyowasumbua wakazi wa Mombasa mwaka 2013. Mbu huyu huuma mchana, kwa hivyo chandarua chako cha usiku hakimzuii.

Usidhani kuwa ua ni wako na hakuna wa kukuuliza. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, huhesabu maji yanayozalisha wadudu waenezao maradhi kuwa kero, na afisa wa afya anaweza kukupa ilani uyaondoe.

Kama bado huna moyo wa kumwuzia gari hilo mnunuzi wa vyuma vikuukuu, toboa sakafu maji yapite, na tairi uzihifadhi mahali pasiponyeshewa. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua tairi kwa ndani, kwani mayai hung'ang'ania hapo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, yakingoja mvua nyingine.