Mfumie Mwanao Kiboko wa Runinga

Mtoto aliyenogewa na katuni ya Akili and Me haombi makubwa. Anaomba kiboko. Anamtaka leo, alale naye, ale naye, na kesho amburure mguu kwenda kumwonyesha jirani. Katuni hiyo ni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, walewale waliotuletea Ubongo Kids mwaka 2014. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia Lala Land, na huko wanyama rafiki zake wanamfundisha herufi na namba. Happy Hippo ni mmoja wao. Zunguka maduka ya mjini Mtwara, utaona midoli ya plastiki iliyoshuka na makontena, lakini kumpata mhusika aliyetungwa hapahapa nchini ni kazi. Basi mfume mwenyewe kwa kroshia.

Sisi wa kusini tuna nyongeza. Kiboko wa kweli tunaye jirani. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilometa za mraba 650, inafika hadi pale mto unapomwaga maji baharini, na viboko wamo. Kwa hiyo mtoto wa Msimbati ana viboko wawili: wa kwenye runinga, anayecheka, na yule ambaye mvuvi akimwona anageuza mtumbwi.

1. Anza na mhusika wa mviringo

Kroshia inapenda duara. Mpira unakuja wenyewe, bomba linakuja wenyewe, ila pembe na kidole vinakutoa jasho. Ndiyo maana kiboko ni mwalimu mzuri wa kuanzia: mipira mitatu, mabomba manne, masikio mawili, basi. Akili mwenyewe ana nywele, gauni na uso wa mtu. Mwache hadi mkono ukomae. SpongeBob anaonekana rahisi kwa kuwa ni sanduku, lakini kulifanya sanduku la uzi lisivimbe ubavuni ni shughuli. (Aliyembuni, Stephen Hillenburg, alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe wa bahari. Watoto wa pwani wana haki ya kumdai.)

Ukitaka kiboko mwingine wa katuni, yupo wa Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Wanyama wake wamechorwa kwa mtindo wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, yaani jirani yetu wa njia ya Masasi. Kisa kimoja humo kinaeleza kwa nini kiboko hana nywele. Kwa mfumaji hiyo ni habari njema.

2. Tafuta alama tatu, mengine yasamehe

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanasimamisha picha kwenye simu, wanakuza, wanaanza kufuma kila kitu: kope, kucha, kivuli cha shavuni. Mdoli unatoka na vitu vyote na haufanani na mtu.

Fanya kinyume. Isogeze simu mbali hadi picha iwe ndogo kama ukucha, kisha jiulize: nini kimebaki? Kwa kiboko kinabaki mdomo mpana kuliko fuvu, matundu ya pua, na masikio madogo yasiyolingana na mwili. Hivyo vitatu ndivyo kiboko. Nenda ukatazame kinyago cha Kimakonde kwa mchongaji yeyote wa Mtwara uone: mpingo ni mweusi mtupu, hauna rangi ya nguo wala ya ngozi, lakini mzee mchoyo unamjua kwa mdomo na mama mzazi unamjua kwa mgongo. Mchongaji amekuza alichokitaka na kingine amekipitia juujuu. Mfumaji naye afanye hivyo, kisha amalizie kwa rangi aliyovaa mhusika kwenye runinga.

3. Uzi: pamba kwanza, sweta la mtumba pili

Kwa joto letu uzi wa sufu unaleta muwasho mkononi mwako kabla hata haujafika kwa mtoto. Uzi wa pamba ndio unaofaa: haunyooki ovyo, fundo linaonekana wazi, na unafulika. Ukikosa rangi unayoitaka, nenda kwenye mitumba utafute sweta la pamba.

Usilinunue kabla hujaligeuza ndani nje. Angalia mshono wa ubavuni. Ukiona umepigwa ovaloki, ile mishono ya zigizaga iliyokata ukingo, liache: kila mstari umeshakatwa, na utakachofumua ni vipande vya urefu wa mkono. Unalolitaka ni lile ambalo kila pande limefumwa peke yake likaunganishwa kwa mnyororo. Kata ncha ya mnyororo huo, vuta, mshono unafunguka wote. Kisha anza kufumua kutokea juu, mabegani, ukiuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Ufunge shada lako sehemu nne lisichanganyikane, liloweke, litundike likiwa limening'inizwa chupa ya maji chini. Likikauka, yale mawimbi yamekwisha. Ukifuma na uzi wenye mawimbi, kiboko atakuwa na upele.

4. Sindano iwe ndogo kuliko unavyodhani

Mdoli si kitambaa cha kochi. Kitambaa kinataka matundu. Mdoli hautaki hata moja, maana kilichojazwa ndani kitachungulia. Karatasi ya uzi ikisema milimita 4, wewe chukua 3 au 2.5. Wapo mafundi wanaotengeneza sindano kwa kunoa spoku ya baiskeli na kuipinda ncha. Inatoka ya milimita 2 hivi, inafaa kabisa kwa uzi mwembamba. Ilainishe kwa msasa isichane uzi. Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli. Wewe fuma kwa spoku yake.

5. Kichwa na mwili, hatua kwa hatua

Fundo tunalohitaji ni moja tu, lile fupi. Ingiza sindano tunduni, vuta uzi, utabaki na vitanzi viwili kwenye sindano. Vuta uzi tena upite kwenye vyote viwili. Umemaliza masomo.

Anza na kitanzi kinachokazwa: zungushia uzi kwenye vidole viwili, fuma mafundo 6 ndani yake, kisha vuta mkia wa uzi hadi katikati pazibe. Mzunguko wa pili, mafundo mawili katika kila tundu: unapata 12. Wa tatu, moja kisha mawili, hivyo hivyo hadi mwisho: 18. Wa nne, moja, moja, mawili: 24. Kila mzunguko unaongeza 6, hadi ufike 36 kwenye mzunguko wa sita. Hapo acha kuongeza, fuma mizunguko 6 mitupu. Kisha rudi ulikotoka kwa kupunguza: 30, 24, 18. Jaza. Halafu 12, 6, funga. Una mpira wa sentimita 6 hivi.

Mpira huo ndio mdomo na pua. Fuvu lifanye dogo, uishie 30, uliache wazi upande mmoja ulishonee nyuma ya mdomo. Mwili upandishe hadi 42, na mizunguko mitupu iwe 8 au 9. Miguu ni mabomba ya mafundo 12, mizunguko 5. Masikio ni yale mafundo 6 ya mwanzo, ukayakunja katikati.

Duara likianza kukunjamana kama kingo za jani la kisamvu, umeongeza kupita kiasi. Likijikunja kuwa bakuli mapema, umeruka kuongeza. Fumua mzunguko mmoja, hakuna atakayejua. Na kagua upande: nje panatakiwa paonekane vijialama vya V vilivyojipanga. Ukiona vijistari vilivyolala, umeshika kiboko ndani nje, mgeuze angali mbichi. Wakati wa kupunguza, pitisha sindano kwenye nyuzi za mbele tu za matundu mawili yanayofuatana, uyafume kwa pamoja. Ukishika nyuzi zote unaacha kovu.

6. Tia alama mwanzo wa mzunguko

Tunafuma kwa kuzunguka bila kuunganisha, kwa hiyo jicho halioni mzunguko umeishia wapi. Chomeka pini, au uzi wa rangi nyingine, kwenye fundo la kwanza, uihamishe kila ukirudi hapo. Aliyekulia kwa wasuka ukili hili halimsumbui. Mkono unahesabu miyaa huku mdomo unasimulia habari za mtaa mzima. Sisi wengine tuandike. Kazi hii inafaa sana ukisubiri pantoni la Msangamkuu, mradi usimjibu mtu katikati ya hesabu.

7. Jaza sufi, lakini kwa akili

Watu wanakimbilia sponji la godoro lililokatwakatwa. Linasagika na kutoa vumbi la njano. Mabaki ya vitambaa ya fundi cherehani ni mazito, na yanampa mdoli nundu zisizo mahali pake. Pamba ya kujazia mito ni nzuri ukiipata. Lakini msufi upo, na kiangazi maganda yake yanapasuka yenyewe. Sufi ni nyepesi ajabu na maji hayaipendi. Zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea majini kwa sababu hiyohiyo.

Ina adabu zake. Toa mbegu zote, kwa sababu zina mafuta na zinaita wadudu. Fanya kazi ndani, milango imefungwa, barakoa puani. Upepo wa kusi ukiipata utaokota sufi hadi kwenye mchuzi. Ikae mbali na jiko na koroboi, inashika moto upesi mno. Nyuzi zake ni laini kiasi cha kupenya kwenye mafundo, hivyo shona kwanza kifuko chepesi cha kanga kuukuu, ukijaze, ndipo ukiingize tumboni mwa kiboko.

Jaza kidogo kidogo kwa mpini wa kijiko, ukianzia pembeni. Ujaze zaidi ya unavyoona inatosha, maana sufi hushuka. Mdomo uwe mgumu, mwili uwe na ulegevu kidogo ili kiboko akae kitako. Na kwa kuwa sufi ikiloa sana hufanya mabonge, acha mshono mmoja chini ya tumbo unaofunguka: siku ya kufua toa kifuko, fua ganda, anika lote juani. Unyevu wa pwani ukiachiwa wiki mbili ndani ya mdoli, utaujua kwa harufu.

8. Macho ya kudarizi, si vifungo

Kwa mtoto mdogo hakuna kifungo, hakuna ushanga. Kipimo cha kimataifa cha midoli ya watoto wa chini ya miaka mitatu ni kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia humo chote kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Kifungo cha shati kinaingia kikicheza. Darizi jicho kwa uzi mweusi, kisha tia nukta ya uzi mweupe upande wa juu. Nukta hiyo ndiyo inayompa uhai.

Mahali pa kuliweka paangalie sana. Kiboko wa Ruvuma ana masikio, macho na pua juu ya kichwa, karibu mstari mmoja, ili mwili wote ukizama vibaki nje vinasikia, vinaona na kupumua. Watunzi wa katuni hushusha macho kidogo ili uso uwe wa kitoto. Fuata katuni yako, ila usiyashushe hadi shavuni. Mtoto atakuuliza mbona kiboko wake amekuwa samaki.

9. Bandika kwa pini kabla ya kushona

Miguu yote, masikio, kichwa: chomeka pini, mweke kiboko mezani, rudi nyuma hatua tatu, mtazame. Akianguka mbele, isogeze miguu mbele. Ukishashona, hesabu pini zako zote zimerudi.

10. Ukitaka kuuza

Kiboko mmoja wa mwanao hakuna atakayekuuliza. Kufuma dazeni na kuziuza sokoni kwa jina la mhusika wa mtu ni jambo jingine: wahusika wa katuni wana wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Waandikie wenye katuni uombe idhini ya maandishi, au nenda kaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Njia nyepesi ni kubuni kiboko wako mwenyewe, wa Ruvuma, ukampa jina lako na kilemba cha kanga. Watalii wa Mikindani hawajui Lala Land ni wapi, lakini mto wanaujua. Na bei ipige kwa saa ulizokaa ukifuma, si kwa uzito wa uzi.