Mapigo ya Moyo Hayadanganyi: Funzo la Farasi wa Mashindano kwa Mwenye Punda

Mkulima wa skimu huenda akauliza: Farasi wa mashindano wanihusu nini mimi, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, ekari moja ya viazi na punda mmoja wa kuchota maji? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Farasi na punda ni jamaa moja. Moyo, mapafu, tumbo na kwato zao hufanya kazi kwa njia moja. Watu wanaoshindanisha farasi wamejifunza, kwa gharama kubwa, jinsi ya kujua kwamba mnyama amechoka mno kabla hajaanguka. Kutumia elimu hiyo hakuhitaji fedha nyingi. Kwahitaji saa, vidole viwili, na mtu aliye tayari kusimama kando ya mnyama wake kwa dakika chache.

Hasara ya kutojua ni kubwa. Punda akifa majira ya mavuno, viazi hubaki shambani, maziwa huchelewa gari la kiwanda, na mama na watoto hurudia kubeba maji mgongoni. Wala kumpata punda mwingine si jambo jepesi kama zamani. Hesabu ya taifa ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha kama milioni 1.2 tu. Basi yafaa kumtunza vyema uliye naye.

MBIO AMBAZO MSHINDI HUPIMWA MOYO

Wengi wetu tukisikia farasi wa mashindano twafikiri juu ya kiwanja cha Ngong, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1954. Huko farasi hukimbia shoti, na mbio huisha kwa dakika chache. Lakini yako mashindano ya namna nyingine, yaliyo karibu zaidi na kazi ya punda wako, nayo ni mbio za masafa marefu.

Mwaka 1955, katika California, Marekani, mtu aitwaye Wendell Robie na wenzake wachache walipanda farasi wao kutoka upande wa Ziwa Tahoe, wakavuka milima mpaka mji wa Auburn. Safari hiyo ni ya maili 100, yaani kilomita 160, nao waliimaliza ndani ya saa 24. Mashindano hayo yakawa ya kila mwaka, na mengine ya namna hiyo yakaenea katika nchi nyingi.

Sikiliza sasa sheria yao. Safari hugawanywa vipande. Mwisho wa kila kipande yupo daktari wa wanyama. Farasi hupewa muda mfupi wa kupumua, kisha daktari husikiliza moyo wake. Katika mashindano ya kimataifa, ni lazima mapigo yawe yamerudi 64 kwa dakika au chini yake. Halafu farasi hukimbizwa kidogo ili ionekane kama anachechemea. Akishindwa katika moja la mambo hayo, safari yake imekwisha, hata kama alikuwa mbele ya wote. Akipita, bado ni lazima apumzike kabla ya kuendelea. Tena, tangu mwaka 1964 mashindano yale ya California hutoa kikombe kwa farasi aliye na hali njema kuliko wenzake miongoni mwa kumi wa kwanza kufika.

Maana yake ni nini? Ni kwamba nguvu ya mnyama haipimwi kwa mzigo aliobeba leo wala kwa mwendo aliokwenda. Hupimwa kwa upesi wa moyo wake kutulia baada ya kazi. Mnyama ambaye moyo wake hurudi upesi anaweza kufanya kazi kesho. Ambaye moyo wake haurudi anakula akiba yake, na akiba hiyo ina mwisho.

JINSI YA KUHESABU MAPIGO

Msimamishe mnyama kivulini. Tia vidole viwili, wala si kidole gumba, chini ya mfupa wa taya, mahali unapousikia mshipa wa damu kama uzi mnene. Ukiukosa, weka kiganja kifuani upande wa kushoto, nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4.

Farasi mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Punda huwa na kama 36 mpaka 52. Lakini kila mnyama ana hesabu yake mwenyewe. Kwa hiyo mhesabu asubuhi kabla ya kazi, siku saba mfululizo, uandike. Ukiisha kuijua hesabu yake, kazi yako ni rahisi. Mhesabu tena nusu saa baada ya kushusha mzigo. Ikiwa hesabu ingali juu sana kuliko ile ya asubuhi, jambo moja katika haya matatu ni kweli: mzigo ulikuwa mzito mno, au mnyama amekosa maji, au ni mgonjwa. Usimfungie mzigo mwingine mpaka ujue ni lipi.

Jambo hili ni muhimu zaidi kwa punda kuliko kwa farasi, maana punda huficha maumivu. Farasi akiumwa tumbo hujitupa chini na kugaagaa. Punda mara nyingi husimama kimya tu, kichwa chini, na mwenyewe hudhani ni uvivu. Punda anayekataa chakula si wa kupigwa. Ni wa kuitiwa daktari siku ile ile.

MAZOEZI HAYATAKI HARAKA

Mtunza farasi hodari hampeleki mnyama mchanga kwenye mbio ndefu. Yeye huanza kwa matembezi, huongeza umbali kidogo kidogo, na mwendo wa kasi huja mwisho. Sababu yake ni hii: moyo na mapafu huongezeka nguvu kwa majuma machache tu; misuli hutaka miezi; lakini mifupa na kano za miguu hutaka muda mrefu zaidi, pengine mwaka au kupita. Hivyo mnyama aweza kuonekana ana nguvu na hamu ya kwenda, kumbe miguu yake haijawa tayari. Wengi huharibika wakati huo.

Kwa punda fuata kanuni hiyo hiyo. Usimpe mzigo kamili kabla hajatimiza miaka minne. Mwanzoni mzoeze kuongozwa kwa kamba, kisha tandiko tupu, kisha mzigo mwepesi wa njia fupi. Ongeza umbali kwanza, uzito ufuate. Tena mpe walau siku moja ya kupumzika kila juma.

MZIGO NA TANDIKO

Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Tufanye hesabu. Punda wengi wa kwetu wana uzito wa kilo 150 hivi. Theluthi yake ni kilo 50. Mtungi mmoja wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 na zaidi kidogo. Basi mitungi miwili, mmoja kila upande, ni mzigo wa haki. Mitungi minne ni kilo 80, na hiyo ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Safari mbili za mitungi miwili ni bora kuliko safari moja ya minne na punda kilema.

Tandiko liwe nene pande zote mbili za uti wa mgongo, na katikati pawe na nafasi, ili mzigo usikae juu ya mifupa. Kila jioni pitisha mkono mgongoni. Mahali penye joto, uvimbe au nywele zilizokatika patakuwa kidonda kesho kutwa ukiendelea.

MAJI, JASHO NA CHUMVI

Farasi anayekimbia katika joto aweza kutoa jasho lita 10 au zaidi kwa saa moja, na chumvi nyingi hutoka pamoja nalo. Ndiyo maana hupewa maji kila nafasi ipatikanapo, na chumvi kuwekwa mahali anapoweza kuilamba. Punda huvumilia kiu kuliko farasi, lakini kuvumilia si kutohitaji. Mpe maji safi kabla ya kazi, njiani na baada ya kazi. Ni aibu kwa mnyama anayechota maji ya nyumba nzima kurudi zizini na kiu.

Watu wa zamani waliamini kwamba mnyama mwenye joto akimwagiwa maji baridi atakauka misuli. Uchunguzi uliofanywa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ulionyesha kwamba kumwagia farasi maji baridi mwili mzima, tena na tena, humpoza upesi bila kumdhuru. Kumwachia anywe kidogo kidogo akiwa angali na joto pia ni jambo jema.

CHAKULA, NA SUMU TATU ZA GHALANI

Tumbo la farasi na punda limeumbwa kwa nyasi, kidogo kidogo mchana kutwa. Nafaka nyingi kwa mara moja huleta msokoto wa tumbo. Zamani, katika nchi za Ulaya, farasi wa mizigo waliachwa kupumzika Jumapili huku wakipewa nafaka ile ile ya siku za kazi. Jumatatu walipotiwa kazini misuli yao ilikakamaa, na mkojo ukatoka wa rangi ya kahawa. Kwa hiyo siku ya kupumzika punguza nafaka, wala usipunguze nyasi. Ukitaka kubadili chakula, badili polepole kwa siku saba mpaka kumi.

Jihadhari na vitu vitatu:

1. Mahindi yenye ukungu. Usiseme, "Haya hayafai watu, tumpe punda." Sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa farasi na punda, na anayeshikwa kwa kawaida haponi.

2. Chakula cha dukani cha kuku au cha ng'ombe. Baadhi yake hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo huwafaa wanyama hao lakini huua moyo wa farasi na punda, hata kwa kiasi kidogo.

3. Karatasi za plastiki na kamba za nailoni. Zikimezwa huziba matumbo.

KWATO, MENO NA MAGONJWA

Safisha kwato kila siku kwa kijiti kisicho na ncha kali, na kila majuma sita mpaka kumi zikatwe na mtu anayejua kazi hiyo. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka. Punda anayeangusha chakula kinywani huenda ana jino lililochongoka.

Ugonjwa wa pepopunda tumeupa jina la mnyama huyu, na haikosi sababu: farasi na punda hushikwa nao upesi sana. Mdudu wake hukaa katika udongo na mavi, naye huingia kwa jeraha dogo, kama la msumari katika kwato. Chanjo ipo. Muulize pia Afisa wa Mifugo habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Dawa ya minyoo itumike kwa shauri lake, maana ikitolewa ovyo ovyo minyoo huizoea.

Mwenye farasi ana adui mmoja zaidi: tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi wanaouma jioni na usiku. Punda na pundamilia kwa kawaida huipata bila kuugua sana, lakini farasi wengi hufa. Farasi wachanjwe, na waingizwe bandani kabla ya jua kutua.

KAZI YA JUMA HILI

Chukua daftari. Kila asubuhi, kabla ya kufunga tandiko, andika mambo manne: mapigo ya moyo, kama amekula, kama ufizi wake ni wa waridi na wenye unyevu, na kama anakanyaga sawa kwa miguu yote minne. Mwachie mtoto wa shule kazi ya kuzidisha mara 4. Itamfaa katika hesabu.

Kisha jiulize maswali haya:

1. Mapigo ya punda wangu akiwa amepumzika ni mangapi?
2. Nusu saa baada ya kazi huwa mangapi?
3. Mzigo ninaomfunga ni kilo ngapi, naye ana kilo ngapi?
4. Mara ya mwisho kwato zake kukatwa ilikuwa lini?

Mkulima anayeweza kuyajibu yote manne bila kukisia amekwisha kumfanyia mnyama wake lile ambalo daktari wa mashindano humfanyia farasi wa thamani kubwa. Asiyeweza, na aanze kesho asubuhi, kabla mtungi wa kwanza haujafungwa.