SOMO LA AFYA: KUKU ALALE KWAKE, MTOTO ALALE KWAKE



Somo letu safari hii ni juu ya kuku. Pengine utauliza: watu wa afya wana kazi gani na kuku? Jibu ni hili. Wahudumu wa afya wanapopita nyumba kwa nyumba hukuta kuku wakilala chumba kimoja na watoto. Mama akiulizwa sababu, hujibu: "Nikiwaacha nje, kicheche atawamaliza." Mama huyo hasemi uongo. Kambi kama Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, imezungukwa na misitu ya miombo, na wanyama wanaokula kuku wapo.

Lakini kumleta kuku ndani ni kukimbia hatari moja na kuingia katika nyingine. Katika somo hili tutaona jinsi ya kumkinga kuku bila kumdhuru mtoto.

1. KWA NINI KUKU ASILALE NDANI?

Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoleta kuharisha. Kuku anaweza kuwa navyo huku mwenyewe akionekana mzima. Mtoto anayetambaa hushika kinyesi hicho sakafuni, kisha anatia mkono mdomoni. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hapati faida ya chakula anachokula, anakonda na kudumaa.

Hata hivyo hatusemi msifuge kuku. Yai ni chakula kizuri kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, kwa mama mjamzito na kwa anayenyonyesha. Lipikwe mpaka kiini kiwe kigumu. Tunachosema ni kwamba kuku awe na nyumba yake.

2. NI NANI ANAYEKULA KUKU WAKO?

Kabla ya kujenga au kuziba, mjue kwanza adui yako. Angalia alama hizi:

- Kifaranga ametoweka mchana, na mama yake alipiga kelele akitazama juu: huyo ni mwewe au kipanga.
- Kuku kadhaa wameuawa usiku mmoja, wameumwa shingoni au kichwani, na nyama haikuliwa sana: huyo ni kicheche au kanu. Kanu hupanda miti na kuta vizuri sana.
- Kuku au mayai yamechukuliwa mchana karibu na majani marefu: mara nyingi ni nguchiro. Kenge naye hula mayai na vifaranga.
- Mayai yamepungua na hakuna hata ganda: yawezekana ni nyoka, kwa sababu yeye humeza yai zima.
- Vifaranga wametafunwa au kuburutwa kwenye tundu: huyo ni panya.
- Vifaranga wamekufa pamoja usiku, na wadudu wamewajaa mwilini: ni siafu.

Kuku akifa bila jeraha, baada ya kuharisha kijani, kushusha mabawa au kupinda shingo, usimsingizie kicheche. Huo ni ugonjwa, na mara nyingi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Banda haliuzuii. Unazuiwa kwa chanjo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe wala asiuzwe. Azikwe shimo refu, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni. Wengi wakifa kwa pamoja, toeni taarifa kwa mhudumu wa mifugo au wa afya.

3. BANDA DOGO LA KULALIA

Wanyama wengi wanaoua kuku wakubwa huja usiku. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuwa na mahali pa kufungia kuku kuanzia jua linapozama. Si lazima liwe banda kubwa. Banda la mita 1 kwa mita 1 na nusu linatosha kuku 6 hadi 8 kulala, ikiwa mchana wanatembea nje.

Fuata hatua hizi:

(a) Chagua mahali. Liwe karibu na nyumba ili usikie kelele usiku, lakini mbali na jiko na mahali unapoweka maji ya kunywa.

(b) Liinue. Simamisha miguu minne yenye kimo cha mita 1 hivi kutoka chini. Mnyama anayechimba hatapata njia, na kinyesi kitadondoka chini badala ya kurundikana kwa kuku.

(c) Sakafu. Panga fito au mianzi, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kimoja. Nafasi ikizidi hapo, panya na nyoka wataingia. Vifaranga watandikiwe mkeka mkuukuu ili miguu isinase.

(d) Kuta na paa. Fito zilizokandikwa udongo zinafaa. Acha matundu madogo upande wa juu ili hewa ipite. Paa la majani liwe zito na lifungwe vizuri, kwa sababu kanu huingilia juu.

(e) Mlango. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mlango ujae sawasawa na uwe na komeo. Kuusimamishia jiwe tu hakutoshi. Mahali panapopita ngumi ya mtoto, kicheche naye hupita.

(f) Miguu. Chukua makopo ya mafuta ya kula yaliyokwisha, yakate na kuyanyoosha, kisha zungushia kila mguu bati hilo, urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole. Panya na kicheche huteleza. Angalia usijikate. Usiegemeze ngazi wala kuni kwenye banda usiku, maana utakuwa umewapa daraja.

(g) Siafu. Mwaga majivu makavu kuzunguka miguu, na uongeze mengine baada ya mvua. Wengine huweka miguu ya banda katika makopo ya maji. Usifanye hivyo, kwa sababu mbu watazaliana humo. Siafu wakifika, fungua mlango upesi na uwahamishe kuku.

Tumia fito ulizo nazo, matofali ya udongo na vitu vilivyokwisha kazi. Usikate miti ovyo, wala usivunje taratibu za kambi kwa kwenda mbali kutafuta miti.

Fagia chini ya banda kila asubuhi, kisha nawa mikono kwa sabuni. Kinyesi kirundikwe mbali na watoto mpaka kioze, ndipo kiwe mbolea ya bustani.

4. MCHANA: OKOA VIFARANGA

Tuchukue mfano. Mama ana mitetea 2. Kila mmoja ametaga mayai 12, akalalia siku 21, na yameanguliwa 10. Hao ni vifaranga 20. Mwewe akichukua kimoja tu kila siku 3, baada ya siku 30 amechukua 10. Nusu ya kazi ya kuku wale imepotea, na mama hakusikia hata kelele moja.

Kwa hiyo:

- Wiki 4 hadi 6 za kwanza, funika vifaranga na mama yao kwa tenga mchana, ukiliweka kivulini. Wape maji, pumba na mchwa. Hamisha tenga kila siku.
- Wakianza kutembea, wawe na mahali pa kujificha, kama kichanja kifupi chenye majani juu au shamba la mihogo karibu na nyumba.
- Fyeka majani marefu kuzunguka nyumba. Nguchiro na nyoka hawapendi kuvuka mahali peupe.
- Okota mayai kila siku. Funika shimo la taka na fukia mabaki ya chakula. Taka huleta panya, na panya huleta nyoka.

5. MAMBO MATATU TUNAYOKATAZA

Kwanza, usitege sumu. Wapo wanaopaka nyama au yai dawa ya wadudu wa shambani au sumu ya panya ili kumwua kicheche. Sumu haichagui. Mtoto mwenye njaa akiliona yai lile ataliokota. Kuku wenyewe watadonoa mabaki, kisha nyumba nzima itawala kuku hao. Mtu akila sumu, mpeleke hospitali mara moja pamoja na pakiti ya sumu hiyo. Usimtapishe.

Pili, usizungushie banda chandarua unacholalia. Hakimzuii kicheche, kwa kuwa anakipasua kwa meno. Lakini kikitoka kitandani, mbu wa malaria anafika kwa mtoto.

Tatu, usimkamate mnyama wa porini kwa mikono, hata akionekana mpole. Mnyama wa porini anayetembea ovyo na asiyeogopa watu huenda ana kichaa.

6. UKIUMWA

Ukiumwa au kukwaruzwa na nguchiro, bweha, paka wa porini au mbwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikitolewa mapema huzuia. Usingoje uone kama utaugua.

Usiingize mkono katika banda lenye giza. Mulika kwanza kwa tochi, kwa sababu nyoka hujilaza katika kiota. Mtu akiumwa na nyoka, asitembee, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, abebwe kwenda hospitali. Usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba ya kukaza. Nyoka akikutemea mate machoni, osha macho kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali.

KWA KUMALIZIA

Jirani mmoja akijenga banda, kicheche atahamia kwa jirani wa pili. Kwa hiyo saidianeni kama majirani: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nyumba ya mjane na ya mzee ianze. Jioni, kabla ya kulala, mtoto mmoja apewe kazi ya kuhesabu kuku na kutazama komeo, kisha anawe mikono.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kuku wetu wanalala wapi usiku wa leo? Watoto je?
2. Mara ya mwisho tulipopoteza kuku, tuliona alama gani?
3. Mlango wa banda letu unafungwa kwa nini?
4. Mtoto akiumwa na mnyama sasa hivi, tutafanya nini kwanza?

Kama hujaelewa vizuri, mwulize mhudumu wa afya anayepita mtaani kwako. Msomee somo hili na jirani asiyejua kusoma.