MABUA NA MAKAPI YA MIWA: CHAKULA CHA MIMEA KISITUPWE

Mavuno ya mahindi yakwishapo huko Kitale, moshi huonekana katika mashamba mengi: mabua na magunzi yanachomwa moto. Na huko Bungoma, katika nchi ya kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanzishwa mwaka 1975, miwa ikisagwa huacha makapi, na maji yake yachujwapo hubaki tope jeusi. Vitu hivi vyote ni mali. Achomaye mabua huipoteza hewani naitrojeni, nayo ndiyo inayoyapa mahindi rangi ya kijani na nguvu.

Lakini mkulima asidhani kwamba yafaa kuyafukia mabichi na kupanda papo hapo. Vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huozesha mabua, navyo huhitaji naitrojeni. Katika mabua makavu, kila kipimo kimoja cha naitrojeni kina vipimo 60 hivi vya kaboni, na makapi ya miwa huzidi hapo. Kwa hiyo vidudu huinyang'anya mimea naitrojeni ya udongo, na mahindi machanga hugeuka manjano. Vipimo 30 vya kaboni kwa kimoja cha naitrojeni ndivyo vifaavyo.

Basi mabaki yaozeshwe kwanza. Mabua hukatwakatwa, yakatandazwa. Juu yake huwekwa majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo, na maji hunyunyizwa. Tabaka hurudiwa hivyo hivyo mpaka fungu lifikie kimo cha mita moja au zaidi, nalo hufunikwa kwa majani ya migomba. Ndani yake joto hupanda hata digrii 55 mpaka 65, likaua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Fungu hupinduliwa kila baada ya majuma mawili au matatu. Baada ya miezi mitatu hivi huwa mboji nyeusi yenye harufu ya udongo baada ya mvua.

Mboji hiyo si chakula tu. Imo ndani yake asidi iitwayo ya humiki, ambayo huamsha mizizi ikaotesha vinyweleo vingi vya kunywea maji na chakula. Tope la kiwandani nalo lina fosforasi, na pia chokaa iliyotiwa kusafishia maji ya miwa; huzisaidia shamba zenye udongo mchachu, ambazo ni nyingi katika nchi ya Kitale.

Mboji haiondoi haja yote ya mbolea ya dukani, ila huufanya udongo uishike isichukuliwe na mvua. Karibu na Kitale, chuo cha kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimewafundisha wakulima wengi kazi hii. Haitaki fedha nyingi. Yataka jembe, samadi na kungoja. Subira huvuta heri.