Mlango wa Mto Hulipa Deni la Mto Mzima



Siku moja darasani mtoto aliniuliza: «Mwalimu, mito yote huingia ziwani, mchana na usiku. Mbona ziwa halijai likamwagika?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana ulizo lake lilikuwa jema. Nikamjibu: «Ziwa linamwagika, mwanangu, ila linamwagikia mbali nawe.» Leo tuyafuate maji hayo mpaka mwisho wa safari yao, tuone watu wameyatenda nini huko. Kisha tutarudi nyumbani, kwani ndipo fundisho lenyewe lilipo.

I. MAJI YETU HUENDA WAPI?

Maji ya Ziwa Kivu hutoka kwa mto Ruzizi pale Bukavu, yakaingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, yakaenda kuungana na Lualaba. Lualaba hupanda kaskazini mpaka Kisangani. Toka hapo huitwa Kongo. Hupita Kinshasa, huruka maporomoko ya Inga, hufika Matadi na Boma, na mwisho huingia katika bahari ya Atlantiki pale Banana. Urefu wa mto huo wote ni yapata kilometa 4,700. Kwa kadiri, kila sekunde moja humimina baharini mita 40,000 za ujazo wa maji. Mita moja ya ujazo ni mapipa matano ya lita 200. Basi hesabuni wenyewe: mapipa laki mbili kwa kufumba na kufumbua jicho.

Lakini si maji yote ya mashariki yaendayo huko. Maji ya Ziwa Edward hushika mto Semliki, yakaingia Ziwa Albert, na toka hapo hufuata mto Nili mpaka Misri. Hivyo watu wawili wa Kivu ya Kaskazini waweza kuwa majirani, na maji ya mmoja yakaishia Banana, ya mwenziwe yakaishia katika bahari ya Mediterania. Tuitazame milango hiyo miwili.

II. MLANGO WA MTO NI NINI?

Mlango wa mto ni mahali ambapo maji matamu hukutana na maji ya chumvi. Maji ya chumvi ni mazito, nayo huingia chini. Maji ya mto ni mepesi, nayo hupita juu. Kwa sababu hiyo maji ya Kongo, yenye rangi ya chai, huonekana yakielea juu ya bahari mbali sana na nchi kavu.

Hapo pia udongo uliosafiri na mto huanza kutua. Mwaweza kuliona jambo hili nyumbani. Twaeni chupa mbili zinazoonyesha ndani, zijazeni maji, mtie katika kila moja kijiko cha udongo wa mfinyanzi. Katika moja mwongeze vijiko viwili vya chumvi. Zitikiseni, kisha ziwekeni chini. Yale ya chumvi hutakata mapema. Chumvi hukusanya chembe za udongo, zikawa nzito, zikazama. Ndivyo bahari inavyoupokea udongo wa mto.

Mlango wa Kongo una jambo moja la ajabu. Korongo kubwa lililo chini ya bahari huanzia ndani ya mlango wenyewe, na sehemu kubwa ya matope huangukia humo. Mwezi wa Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa, matope hayo yaliteremka korongoni zaidi ya kilometa 1,000, yakakata nyaya za simu zilizolazwa sakafuni pa bahari. Tujifunze hapo kwamba yanayotokea juu ya mto husikika hata kilindini.

Kandokando ya mlango huota miti iitwayo mikoko. Mizizi yake husimama juu ya matope kama miguu ya mtu aliyepanda mironjo. Mizizi hiyo hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi, na kati yake samaki wachanga na kamba hujificha wasiliwe. Samaki wengi wavuliwao baharini walilelewa kwanza hapo. Humo hukaa pia nguva, mnyama mkubwa mpole alaye majani ya majini, ambaye huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida. Na katika mchanga wa Muanda kasa wa baharini hupanda usiku kufukia mayai yao.

III. WATU WAMEUTENDA NINI MLANGO WA KONGO?

Pwani yote ya Kongo yetu ni fupi, yapata kilometa 40 tu. Lakini watu wengi wanaitazamia iwalishe.

Kwanza, mikoko hukatwa kwa kuni na makaa. Mvuvi asiye na barafu hana budi kukausha samaki kwa moshi, na mti wa karibu ndio mkoko. Basi huukata mti uliomlea samaki ili amkaushe samaki. Mwaka huu hana hasara. Hasara humfikia mtoto wake.

Pili, nguva huwindwa kwa ajili ya nyama, na mayai ya kasa huchimbuliwa. Mnyama azaaye mmoja mmoja hawezi kushindana na mkuki wa kila siku.

Tatu, tangu miaka ya 1970 mafuta ya petroli huchimbwa baharini mbele ya Muanda, na baadaye katika nchi kavu pia. Mafuta yameleta fedha na kazi. Walakini wavuvi wamelalamika mara nyingi juu ya mafuta yanayomwagika majini.

Nne, bahari inaula ukingo wa Muanda na Nsiamfumu, na nyumba zilizokuwa mbali na maji sasa ziko karibu nayo.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1992 iliweka Hifadhi ya Mikoko huko Muanda, na mwaka 1996 hifadhi hiyo iliandikwa, hektari 66,000, katika orodha ya mataifa ya mahali pa majimaji pa kulindwa, kwa mapatano yaliyofanywa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchi ya Uajemi. Walinzi wake ni wa shirika la Serikali liitwalo ICCN. Tena sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaagiza kwamba kabla ya kazi kubwa kuanza, ichunguzwe itadhuru nini. Agizo hilo lina maana hasa sasa, kwa kuwa mwaka 2022 liliwekwa jiwe la msingi la bandari kubwa mpya pale Banana, karibu kabisa na mikoko.

Lakini mlinzi peke yake hatoshi. Watu wanakaa ndani ya hifadhi na kando yake, nao wanapika kila siku. Ukimwambia mama asikate mkoko usimwonyeshe kuni nyingine, umemwambia asipike. Atakata usiku. Kwa hiyo ulinzi mwema una mikono miwili: mkono mmoja hukataza, wa pili hutoa. Hutoa miche ya miti ikuayo upesi ipandwe karibu na vijiji, hutoa majiko yasiyokula kuni nyingi, nao huwaita wavuvi wenyewe wakae barazani mipaka inapowekwa.

IV. MTO ULIONYIMWA MATOPE

Sasa twende Misri. Kila mwaka mto Nili ulikuwa ukifurika, ukileta matope meusi. Matope hayo ndiyo yaliyoijenga nchi pana ya mlangoni, nayo yalilisha viumbe vidogo vya baharini ambavyo dagaa wa huko waliwala.

Mwaka 1960 Wamisri walianza kujenga boma kubwa la kuzuia maji pale Aswan. Tangu 1964 maji yakaanza kuzuiwa, na mwaka 1970 kazi ikaisha. Faida yake ni kubwa: umeme, na maji ya shamba hata mwaka wa ukame. Lakini matope yalibaki nyuma ya boma. Mwaka 1962 wavuvi wa Misri walipata dagaa yapata tani 18,000. Mwaka 1968 hawakufikisha hata tani 1,000. Na bahari, isipoletewa tena udongo mpya, ikaanza kuirudisha nyuma nchi ya mlangoni. Karibu na mji wa Rosetta ukingo uliliwa makumi ya mita kila mwaka, hata zikajengwa kuta kubwa kuuzuia. Miaka mingi baadaye samaki waliongezeka tena. Wataalamu wengi wanasema kwamba sasa walilishwa na mbolea ya mashamba na maji machafu ya miji, wala si matope ya zamani.

Sisi nasi tuna mitambo ya umeme ya Inga, wa kwanza tangu 1972 na wa pili tangu 1982. Hiyo haikuuziba mto mzima, matope hupita. Siku watu watakapotaka kujenga boma kubwa kuliko hayo, ni vema wakumbuke dagaa wa Misri, na wawaulize watu wa Muanda pia, si watu wa umeme tu.

Angalieni: Kongo mlango huumia kwa kukatiwa miti, Nili mlango uliumia kwa kunyimwa udongo. Na mahali pengine mlango huumia kwa kuletewa udongo kupita kiasi. Ndiyo habari ya kwetu.

V. KIJITO CHETU

Mtu asiseme: «Udongo wa shamba langu utafika Banana.» Maji hufika, lakini udongo wa milima yetu hutua mapema, katika ziwa letu wenyewe. Kila kijito kiingiacho Tanganyika kina mlango wake mdogo, na mlango huo hulipa deni la kijito kizima.

Nawaambia haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikopa. Kijito cha kijiji chetu kilikuwa na matete pande zote mbili. Muhogo wangu wa mlimani ulipopatwa na ugonjwa, niliufyeka ukingo hatua thelathini, nikalima mpaka penye maji. Udongo ulikuwa mweusi, nikavuna magunia matatu. Majirani wakaona, wakafyeka nao. Mwaka wa tatu, usiku mmoja wa Aprili, mvua ikanyesha toka jioni hata alfajiri. Kulipokucha, shamba langu lilikuwa mtaro.

Nikateremka mpaka ziwani. Pale mlangoni, mahali pa kuegesha mitumbwi, palikuwa pamejaa matope mpaka magotini. Mawe ambayo samaki wadogo hutagia mayai yalikuwa yamefunikwa. Mama mmoja mjane, aliyezoea kutega migono yake hapo, alisimama akitazama. Nikamwamkia. Akaniitikia, kisha akasema: «Mwalimu, udongo wako umefika kwangu. Njoo uuchukue.»

Sikuwa na neno. Nilipata magunia matatu, na yeye amepoteza kitoweo cha miaka. Wala hakunikosea lolote; kosa lake ni kukaa chini yangu. Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Na mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika Uvira na kuwaua makumi ya watu, nilikumbuka tena neno la yule mama.

Baadaye tulikaa na mkubwa wa kijiji, wakulima na wavuvi pamoja, yule mama akiwapo. Tukapatana kwamba mtu asilime hatua kumi toka ukingoni. Matete yaachwe yarudi. Na mashamba ya mlimani yakatwe mifereji ya kukingama mteremko na kupandwa majani ya kushika udongo. Matete yalirudi baada ya masika mawili. Mawe ya mlangoni bado hayajaonekana yote. Kuharibu kulichukua usiku mmoja. Kutengeneza kunachukua miaka, nasi tunaendelea.

VI. MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Mlango wa mto ni nini?
— Ni mahali ambapo mto huingia baharini au ziwani. Kwa bahari, maji matamu hukutana na maji ya chumvi.

2. Mikoko ina faida gani?
— Hushika udongo, hupunguza nguvu ya mawimbi, huficha na kulea samaki wachanga.

3. Mlango wa mto huharibiwa kwa njia gani?
— Kwa kukata miti yake, kwa kuvua na kuwinda bila kiasi, kwa uchafu na mafuta, kwa kuunyima udongo wake, au kwa kuuletea udongo mwingi mno.

4. Kwa nini kukataza peke yake hakutoshi?
— Kwa sababu anayekatazwa ana haja ya kweli. Hana budi kuonyeshwa njia nyingine ya kupata kuni na chakula.

5. Nani apaswa kuulizwa kabla ya kuubadili mto?
— Wote wanaokaa kando yake, na hasa wale wa chini, maana ndio watakaopokea kila kitu.

Kazi ya juma hili: Fuateni kijito cha kijiji chenu toka juu mpaka kiishiapo. Hesabuni mahali ambapo ukingo umelimwa mpaka penye maji. Kisha mwulizeni mtu akaaye chini kabisa: «Je, tumekuletea nini?» Msikilizeni mpaka amalize, mrudi mkayaseme barazani.