Ada Umelipa, Cheti Umekiona?

Wadogo zangu wa Tarime na Serengeti, safari hii maswali yenu yamefanana kana kwamba mmekaa kikao. Wa Sirari anauliza, wa Nyamongo anauliza, wa Mugumu anauliza: dada, shule ya inglishi midiamu nitajuaje kama imekamilika? Mmoja ameniambia mumewe tayari ameuza ng'ombe kwa ajili ya ada ya Januari. Nikamuuliza wanajua nini kuhusu hiyo shule. Basi la njano, akasema, na bango kubwa pale njia panda.

Haya, tuanze na huyo shemeji yangu. Akienda mnadani kununua ng'ombe, nani atamwambia "huyu mzima" naye akatoa hela? Atamfunua meno, atamshika nundu, atamtembeza, na mwisho atadai kibali. Iweje kwenye shule atosheke na rangi ya basi?

Kibali cha shule hakitolewi na diwani, wala mtendaji wa kata, wala mchungaji aliyeiombea siku ya ufunguzi. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, imemkabidhi kazi hiyo Kamishna wa Elimu. Mwenye shule huanza kwa kuomba kibali cha kujenga, kisha yeye na meneja wake wanathibitishwa, majengo yanakaguliwa, ndipo shule inapewa namba ya usajili. Kwa shule ya msingi namba hiyo huanza na EM. Cheti chenyewe kwa kawaida kinaning'inia ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya fremu, karibu na picha ya Rais. Usikitazame ukiwa umekaa kwenye kochi la wageni. Inuka, sogea, usome. Jina lililoandikwa pale ndilo lililo kwenye sweta la mwanao? Mahali palipotajwa ndipo hapo ulipo, au cheti ni cha shule nyingine ya mmiliki huyohuyo, na hapa wanapaita tawi?

Nalitaja hili la matawi kwa sababu ndilo linalowaliza wazazi wengi, na kilio huja kwa kuchelewa. Mtoto anasoma vizuri tu, anaimba mashairi ya Kiingereza, nyumbani mnafurahi. Anafika darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, ndipo mnaambiwa atafanyia mtihani shule jirani "kwa utaratibu." Utaratibu gani? Shule isiyosajiliwa haina pa kumsajilia mtoto. Kwa hiyo usisubiri darasa la nne. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anatakiwa awe na namba ya PReM kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na hata uhamisho hupitia humo. Iombe namba ya mwanao mapema, uiandike nyuma ya daftari la kliniki kama huna pengine pa kuandika. Mwalimu akianza kujikunakuna kichwa, umeshapata jibu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi mnapochanganya. Usajili hutolewa mara moja. Shule ikishapata cheti mwaka ule, cheti hakijui kwamba mwaka huu walimu wazuri wameondoka na jikoni maji hayatoki. Anayetakiwa kuyajua hayo ni mdhibiti ubora wa shule, yule tuliyezoea kumwita mkaguzi. Ofisi yake ipo wilayani, ila yeye ni mtu wa Wizara ya Elimu. Afisa elimu wa halmashauri yuko upande wa TAMISEMI. Wametenganishwa makusudi, ili anayesimamia shule asiwe ndiye anayeipima.

Wadhibiti wakija kufanya tathmini ya jumla hawaishii ofisini kunywa soda. Mmoja ataketi dawati la nyuma darasani, amsikilize mwalimu huku akifungua madaftari ya watoto. Hapo ndipo penye ukweli. Azimio la kazi linaweza kuandikwa usiku mmoja, andalio la somo nalo pia, lakini daftari la mtoto la miezi minane huwezi kulitunga usiku mmoja. Kama kazi hazijasahihishwa zinaonekana. Kama mwalimu mwenyewe anaweka alama ya vema kwenye sentensi mbovu, inaonekana vilevile. Mambo wanayoyapima ni sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, utekelezaji wa mtaala, uongozi, mazingira pamoja na afya na usalama wa watoto, na ushirikiano wa shule na wazazi. Wanaandika ripoti yenye maagizo, na baadaye hurudi kuona kama maagizo yametekelezwa.

Basi nenda na swali moja tu kwa mwalimu mkuu: wadhibiti walikuja lini mara ya mwisho, na waliagiza nini? Uliza kwa adabu, kisha unyamaze. Mkuu anayejua kazi yake atakwambia, "Walitutaka tuongeze matundu ya vyoo, tumejenga haya hapa, ya wavulana bado." Huyo mpe mtoto. Atakayekwambia hawakuona kasoro hata moja, mshukuru, kisha ukahesabu vyoo mwenyewe. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kuhesabu hakuhitaji kujua Kiingereza.

Mtaniambia: dada, sisi tunaangalia matokeo. Najua, na mna haki ya kujivuna. Mwaka 2019 shule mbili za Serengeti, Graiyaki na Twibhoki, zilishika nafasi ya kwanza na ya pili kitaifa katika mtihani wa darasa la saba. Lakini Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, na mwezi mmoja na ushee kabla ya hapo, Desemba 2022, lilikuwa limefungia vituo 24 nchini kwa udanganyifu katika mtihani huohuo wa darasa la saba. Kwa hiyo alama A tupu hazinitoshi mimi.

Fanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya Baraza, au mtume kijana mwenye simu nzuri. Fungua matokeo ya darasa la saba ya shule unayoitaka, uhesabu watahiniwa. Kisha rudi nyuma miaka mitatu, ufungue upimaji wa darasa la nne wa shule hiyohiyo, uhesabu tena. Ni watoto walewale. Ukikuta darasa la nne walikuwa 60 na darasa la saba wamebaki 31, wote wana A, uliza wale wengine wamekwenda wapi. Wapo waliohama na wazazi wao, sikatai; Nyamongo watu huja na kuondoka na kazi za mgodi. Ila nusu ya darasa haihami kwa bahati. Kuna shule zinazowachuja watoto wasiofikia wastani wao, jambo ambalo Wizara imeshalikemea mara nyingi, na wanaochujwa hawaonekani kwenye bango la njia panda.

Bweni nalo lina kibali chake. Tangu Machi 1, 2023, Kamishna wa Elimu, Dkt. Lyabwene Mtahabwa, alisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa shule yenye kibali maalumu. Mtoto wako wa darasa la pili akipewa kitanda, omba kukiona kibali hicho. Najua kwa nini baadhi yenu mnalitaka bweni, hasa wenye mabinti, na wala siwalaumu. Ikifika Desemba mashangazi wanaanza maneno yao ya jando na ukeketaji. Ila Desemba shule zinafungwa, mdogo wangu. Bweni halimlindi binti akiwa likizo. Kwa hilo zungumza mapema na dawati la jinsia la polisi au nyumba salama, ya Masanga kwa upande wa Tarime, au ya Hope kule Mugumu. Na ukifika bwenini, tazama madirisha kama yana nondo zisizofunguka na kama mlango ni mmoja tu. Septemba 2020 moto wa bweni uliua wanafunzi 10 kule Kyerwa, Kagera.

Walimu wa Kenya, wa ng'ambo ya Isebania, wengi ni wazuri, Kiingereza wanakimudu. Wanachotakiwa kuwa nacho ni kibali cha kazi na cha ukaazi. Wasipokuwa navyo, Uhamiaji wakifika, darasa linabaki bila mwalimu katikati ya muhula. Na wewe unayefikiria kumvusha mtoto mwenyewe akasome Migori, kumbuka mtaala ni mwingine, na akirudi utahitaji ulinganifu wa Baraza.

Kuna moja linaniudhi, nilitoe. Mtoto kuvalishwa kibao shingoni au kuchapwa kwa sababu amesema Kikurya uwanjani. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, viidhinishwe na mwalimu mkuu, viandikwe kitabuni. Na katika yale mambo sita ya wadhibiti, sijaona hata moja linalopima idadi ya vibao. Mtoto hujifunza Kiingereza kwa mwalimu anayekizungumza vizuri na kwa vitabu anavyoruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Omba kuona maktaba. Kama imefungwa na ufunguo "uko kwa mwalimu ambaye leo hayupo," rudi siku nyingine bila kuaga.

Wenye watoto waliokuwa darasa la tatu na la nne mwaka 2024, mna swali la ziada. Kwa mabadiliko ya sera, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Muulize mkuu amejipangaje kwa vyumba na walimu, na asikujibu kwa jumla jumla.

Na wewe wa Mugumu mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne: kituo cha kozi ya Kiingereza si cha Kamishna, kiulizie NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Yule wakala anayetaka kumpeleka Uingereza kusoma lugha, mwambie akuandikie jina kamili la chuo. Kule British Council inaendesha mpango wa ithibati, shule hukaguliwa kwa kina kila baada ya miaka minne, na katikati hushtukizwa. Orodha iko wazi mtandaoni. Jina lisipokuwemo, usitume hata nauli ya kwenda Musoma kupiga picha ya pasipoti.