Somo la Saba: Mawe ya Figo Yanapoambatana na Homa

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji wa huduma za afya ataweza kutofautisha maumivu ya kawaida ya jiwe la figo na hali ya dharura, kueleza kwa nini dawa pekee hazitoshi pale jiwe linapoziba njia ya mkojo, kuzitambua dalili za sepsisi, na kuuliza maswali yanayofaa anapofika hospitalini.

1. Figo na njia ya mkojo

Figo ni mbili, na kila moja hukaribia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Kazi yake kuu ni kuichuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo huo huteremka katika mrija mwembamba uitwao ureta, wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 kwa mtu mzima, kisha huingia katika kibofu. Mtiririko huu huondoa taka mwilini, na pia huziosha njia za mkojo ili bakteria wasipate nafasi ya kukaa na kuzaana.

Mawe hufanyika pale chumvi zilizomo katika mkojo zinapozidi kiasi cha maji yanayoweza kuziyeyusha. Mengi ni ya kalisi na oksalati. Mengine ni ya asidi ya yuriki. Yapo pia mawe yanayosababishwa na maambukizi yenyewe: baadhi ya bakteria, kama vile Proteus, huibadili hali ya mkojo hata chumvi zikagandamana na kujenga jiwe kubwa linaloyajaza matawi ya figo.

Jiwe dogo lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Linaposhuka huleta maumivu makali ya ubavuni yanayokuja na kuondoka, ambayo huweza kufika kinenani, pamoja na kichefuchefu na pengine damu katika mkojo. Maumivu hayo hutesa, lakini mgonjwa asiye na homa wala dalili nyingine za hatari aghalabu huweza kutibiwa bila haraka ya upasuaji.

2. Hatari inatoka wapi?

Hali hubadilika kabisa pale mambo mawili yanapokutana: jiwe limeiziba ureta, na mkojo uliofungiwa nyuma yake umeingiwa na bakteria. Mkojo hauna pa kwenda. Figo hujaa na kuvimba, shinikizo hupanda, na mkojo uliotuama huweza kugeuka usaha. Shinikizo hilo huwasukuma bakteria na sumu zao kuingia katika damu.

Shinikizo hilohilo hupunguza kazi ya figo iliyoziba. Dawa za kuua bakteria, yaani antibayotiki, hufika mahali pa maambukizi kwa kupitia damu na mkojo. Figo isipochuja vizuri, dawa hufika kwa kiasi kidogo mno. Wahenga wa kijijini wanajua kwamba jipu lililoiva haliponi kwa vidonge peke yake. Sharti usaha utoke. Figo iliyoziba na kuambukizwa ina kanuni iyo hiyo: dawa ni lazima, na kuufungulia mkojo njia ni lazima vilevile.

Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha uzito wa jambo hili. Miongoni mwa wagonjwa wenye sepsisi na jiwe lililoziba ureta, waliofunguliwa njia ya mkojo walifariki takriban 9 katika kila 100; wasiofunguliwa walifariki takriban 19 katika kila 100.

3. Sepsisi ni nini?

Sepsisi ni hali ya kuhatarisha maisha inayotokea pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna iliyovurugika, hata viungo vyake wenyewe vikaanza kushindwa kufanya kazi. Shinikizo la damu hushuka, mapafu huelemewa, fahamu hupotea, na figo iliyokuwa nzima nayo huweza kusimama. Mwezi Mei 2017, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziimarishe kinga, utambuzi na matibabu ya sepsisi.

Yeyote mwenye jiwe lililoziba anaweza kufikwa na hali hii. Hata hivyo, hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari, mjamzito, mzee, mwenye figo moja tu, mwenye kinga dhaifu ya mwili, mwenye mpira wa mkojo, na aliyewahi kuugua mara kwa mara maambukizi ya njia ya mkojo.

4. Dalili zinazokutaka uende hospitali sasa hivi

Mtu mwenye maumivu ya ubavuni, au anayejulikana kuwa na mawe ya figo, aende hospitali bila kusubiri kupambazuke akiona mojawapo ya dalili hizi:

• homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi hata meno yakagongana;
• mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida, huku mgonjwa akiwa dhaifu sana;
• kupumua haraka, mara 22 au zaidi kwa dakika;
• moyo kwenda mbio, kizunguzungu au kuzimia;
• kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, au usingizi usio wa kawaida;
• mkojo kupungua sana au kukoma;
• kutapika kiasi cha kushindwa kunywa maji au kumeza dawa.

Mwenye figo moja, na mjamzito, asiingoje homa. Maumivu ya ubavuni pekee yanatosha kumpeleka hospitali. Kwa wazee, homa huenda isionekane kabisa, na kuchanganyikiwa ghafla kukawa ndiyo dalili ya kwanza.

5. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 52, mgonjwa wa kisukari. Siku ya Ijumaa anapata maumivu ya ubavu wa kushoto. Jioni ananunua dawa ya maumivu dukani, naye anapata nafuu. Jumamosi anatetemeka kwa baridi. Majirani wanasema ni malaria. Anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na jibu linaonyesha kuwa hana. Anapimwa mkojo, nao unaonekana karibu safi. Anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Jumapili alfajiri anaongea maneno yasiyoeleweka.

Mfano huu una mafunzo matatu. La kwanza, dawa za maumivu hupunguza homa na kuificha dalili muhimu. La pili, homa isiyo ya malaria inataka maelezo mengine. Na hata malaria ikionekana, haiondoi uwezekano wa ugonjwa wa figo kwa mtu mwenye maumivu ya ubavuni. La tatu, ambalo wengi hawalijui, kipimo cha mkojo huweza kudanganya. Jiwe likiwa limeiziba ureta kabisa, mkojo wenye usaha haufiki katika kibofu. Kinachopimwa ni mkojo wa figo ile nyingine iliyo nzima. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii anahitaji kipimo cha picha, walau ultrasaundi, ili ionekane kama figo imejaa.

6. Matibabu yanayotarajiwa

Hospitalini, hatua kadhaa hufanyika kwa pamoja. Damu na mkojo huchukuliwa ili vioteshwe maabara, jambo linalosaidia kujua ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Antibayotiki hutolewa kupitia mshipa. Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa ambaye sepsisi yake imemshusha shinikizo la damu aanze kupata dawa hiyo ndani ya saa 1 tangu hali itambuliwe. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, kwa hiyo tiba haiyasubiri. Dripu za maji hutolewa, na mgonjwa hupimwa mara kwa mara shinikizo la damu, upumuaji na kiasi cha mkojo.

Kisha njia ya mkojo hufunguliwa haraka iwezekanavyo, kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mpira mwembamba, uitwao stenti, kutoka kwenye kibofu hadi figoni, ukipenya kando ya jiwe. Ya pili ni nefrostomi, ambapo mpira huingizwa figoni kupitia ngozi ya mgongo, kwa kuongozwa na picha, na mkojo ukatiririkia katika mfuko wa nje. Zote mbili ni njia zinazokubalika. Uchaguzi hutegemea hali ya mgonjwa, vifaa vilivyopo na ujuzi wa watoa huduma.

Jiwe lenyewe kwa kawaida haliondolewi siku hiyo. Kulivunja wakati maambukizi yamepamba moto huweza kuwasukuma bakteria wengi zaidi katika damu. Huachwa hadi mgonjwa apone maambukizi, ndipo arudi kwa matibabu ya jiwe. Familia isidhani kwamba kazi imefanyika nusu. Huo ndio utaratibu ulio salama.

7. Haki na wajibu wa mtumiaji wa huduma

Zahanati na vituo vingi vya afya havina uwezo wa kufungua figo iliyoziba. Mgonjwa aliyefika huko apatiwe dawa ya kwanza na dripu, kisha apewe rufaa bila kuchelewa kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo au mtaalamu wa kuweka nefrostomi. Ndugu wa mgonjwa waulize kwa heshima na kwa uwazi:

• Je, figo imeziba? Kipimo gani cha picha kimeonyesha hivyo?
• Je, kuna dalili za sepsisi?
• Antibayotiki ya kwanza imetolewa saa ngapi?
• Njia ya mkojo itafunguliwa lini, na wapi?
• Kama haiwezekani hapa, rufaa inaondoka saa ngapi?

Omba nakala za majibu ya vipimo na barua ya rufaa inayotaja dawa zilizokwisha kutolewa. Mtaje mgonjwa kwa ukweli: kisukari chake, ujauzito, mzio wa dawa, na dawa zote alizotumia nyumbani, za dukani na za asili.

8. Mambo ya kuepuka

Usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, wala usitumie zilizobaki za mgonjwa mwingine. Jihadhari na diklofenaki na ibuprofeni bila ushauri, hasa ukiwa na homa, unatapika au una ugonjwa wa figo, kwa kuwa huweza kuidhuru figo iliyoelemewa. Usijilazimishe kunywa maji mengi mno kwa tumaini la kulisukuma jiwe lililoziba. Wala usitumainie dawa zinazotangazwa kwamba huyeyusha mawe yote. Mawe ya asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari. Mawe ya kalisi, ambayo ndiyo mengi, hayayeyuki hivyo.

9. Baada ya kupona

Hudhuria kliniki kwa tarehe uliyopangiwa. Stenti ni ya muda. Ikisahaulika mwilini, nayo huota mawe na kuleta maambukizi mapya. Uliza tarehe ya kuondolewa kwake na uiandike mahali utakapoiona. Kunywa maji ya kutosha kutoa walau lita 2.5 za mkojo kwa siku, isipokuwa daktari amekupunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo. Punguza chumvi na nyama nyingi. Usiache maziwa kwa hofu ya kalisi. Kalisi ya chakula huifunga oksalati tumboni na kusaidia isifike katika mkojo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini antibayotiki peke yake haitoshi pale figo iliyoambukizwa inapokuwa imeziba?
2. Eleza jinsi kipimo cha mkojo kinavyoweza kuonekana safi ilhali figo moja ina usaha.
3. Taja dalili nne zinazomtaka mgonjwa wa mawe aende hospitali usiku uleule.
4. Ni kwa sababu gani jiwe haliondolewi siku ile ile ya dharura?
5. Ni hospitali ipi iliyo karibu nawe inayoweza kufungua figo iliyoziba, na utafikaje huko usiku? Ulizia katika kituo chako cha afya, kisha andika jibu na ulihifadhi nyumbani.